Forester XT imerudia moshi wa bluu, niweke hosi gani za oili na maji kwa turbo?

Boxer_wa_Lanet
Habari za jioni wadau. Niko Nakuru, gari ni Subaru Forester XT ya 2004, injini EJ205, turbo ni ile ndogo ya TD04 iliyokuja nayo. Mwezi wa nane ilianza kutoa moshi wa bluu nikikanyaga, hasa nikitoka Salgaa napanda Mau Summit, naangalia kioo naona aliye nyuma yangu amepotelea ndani kama tunafukiza nyuki. Fundi akafungua, akatingisha shafti kidogo, akaniambia mkubwa hii imekwisha. Nikanunua ingine ya kutoka Japani kwa 32,000, ikafungwa, nikakaa na raha yangu wiki tatu. Sasa moshi umerudi vile vile.

Fundi huyo huyo sasa anasema shida ni paipu, ati ile ya chuma inayoleta oili imechoka, tutoe zote za oili na za maji tuweke hosi. Kuna watu wa haidroliki hapa industrial area wanaweza kunitengenezea, kuna seti ya hosi za waya ya stenlesi nimeona mtandaoni, na kuna jamaa anavunja Impreza anasema nije nichukue paipu zake. Nichague gani, na saizi gani? Sitaki kununua turbo ya tatu, bibi ameshaanza kuuliza maswali. Ile ya kwanza bado iko kwa stoo imefungwa na gazeti.

Spana_Kumi
Weka orijino umalize. Hizo hosi za kung'aa ni za watu wa rali.

Hosi_na_Kaplingi
Ndugu yangu, mimi niko Kisumu na kazi yangu ya kila siku ni kubana hosi, nyingi za matrekta ya miwa ya huko Muhoroni na Chemelil, kwa hivyo nitakujibu kama muuza hosi lakini nitaanza kwa kukuharibia biashara mwenzangu wa Nakuru.

Usitengeneze hosi ya kawaida ya haidroliki. Wengi wanaona hosi inashika presha ya trekta wanafikiri ya turbo ni mchezo, na kweli presha ya oili ya injini ni kidogo sana kwake. Shida ni joto. Hosi zile za mpira zenye waya ndani tunazotumia kila siku, R1 na R2, zimepimwa kwa joto la digrii 100 za sentigredi, na oili ikitoka kwa turbo iliyopanda mlima imepita hapo zamani. Mpira unakauka ndani kwa ndani, unaanza kumeguka vipande vidogo vidogo, na hivyo vipande vinaenda wapi? Vinaingia kwa beringi. Nje hosi bado inaonekana mpya kabisa. Ukitaka ya kutengenezwa uliza R14, hiyo ndani ni tefloni na nje ni waya ya stenlesi, inavumilia mpaka zaidi ya 200. Ni ghali na si kila duka linayo, na usikunje kona kali kwa sababu tefloni ikishavunjika mkunjo haijirudi, oili itapita kama maji kwa mrija uliokanyagwa.

Saizi, zile namba za AN utakazoona kwa hosi za stenlesi ni sehemu ya 16 ya inchi, kwa hivyo AN 4 ni robo inchi, na hiyo inatosha kabisa kuleta oili kwa turbo yako. Mwambie fundi asichanganye vichwa. Vichwa vya aina ya AN na JIC vyote vina koni ya digrii 37 vinashikana, lakini aina ya BSP ambayo imejaa kwa maduka yetu koni yake ni tofauti, utaikaza itaonekana imeshika halafu inaanza kulia oili juu ya ekzosti. Gari nimeona zikiungua hivyo.

Lakini hayo yote wacha kwanza. Turbo mbili zinatoa moshi ule ule, na wewe umeniambia habari ya paipu inayoleta oili tu. Ile inayorudisha oili chini iko aje? Kwa EJ turbo iko nyuma upande wa kulia, na chini yake kuna kipande kifupi kinene cha mpira kinachorudisha oili kwa silinda hedi. Kile ulibadilisha ukiweka turbo ya pili? Na ulibadilisha na nini? Piga picha uweke hapa kabla hujanunua chochote.

Boxer_wa_Lanet
Asante sana mkuu. Sikuwa nimefikiria hiyo ya kurudi. Fundi aliniambia ya zamani ilipasuka wakati wa kutoa turbo ya kwanza, kwa hivyo alikata kipande kwa hosi aliyokuwa nayo. Kesho nikitoka kazi nitaangalia. Na ya maji je?

Chai_na_Turbo
Ya maji nijibu mimi kwa sababu ilinifunza adabu. Mimi ni mama wa watoto watatu na naendesha Legacy, Kericho kwenda Nakuru na kurudi kila wiki. Hosi ndogo ya maji ya turbo ilianza kutoa jasho, si kuvuja, jasho tu, nikawa naongeza maji ya mfereji kila Jumatatu. Siku moja nimefika Mau Summit nikazima gari haraka ninunue viazi, nikasikia ndani ya boneti kunachemka kama sufuria ya githeri, na gari imezimwa!

Baadaye ndio nikaelezwa. Ukizima injini pampu ya maji inasimama lakini turbo bado ni moto kama jiko, kwa hivyo yale maji yanajizungusha yenyewe, ya moto yanapanda kwa lile tangi dogo lililo juu ya injini na ya baridi yanashuka kuchukua nafasi. Hiyo ndio sababu lile tangi liliwekwa juu kuliko turbo, si kwa urembo. Fundi akikupitishia hosi ya maji na kona inayopanda halafu inashuka halafu inapanda tena, hewa inakaa hapo juu ya kona na mzunguko unakufa. Mwambie inyooke kupanda mpaka kwa tangi. Na juu hapa maji matupu yanachemka mapema kuliko Mombasa, kwa hivyo weka kulanti ya kweli, na kifuniko kinachoshika presha. Hosi yenyewe ya hita nzuri au ya silikoni inatosha, na klipu mpya. Zile za kuzungusha na bisibisi usizikaze mpaka zikate mpira.

Na viazi sikununua.

Spana_Kumi
Oili usisahau restrikta, kile kitundu cha kupunguza oili inayoingia. Turbo yoyote bila restrikta inamwaga oili kwa sili, huo ndio moshi wake. Weka yenye tundu la milimita moja utaona umeisha.

Hosi_na_Kaplingi
Hapana omera, hapo utamuulia mtu turbo. Restrikta ya tundu dogo kama hilo ni ya turbo za beringi za gololi, zile hazitaki oili nyingi, Garrett wenyewe wanaotengeneza turbo wanataja kama milimita 0.9 kwa zao. TD04 ni beringi za kawaida, shafti inaelea juu ya oili yenyewe, ukiipunguzia hivyo unaikausha. Halafu kwa EJ nyingi za miaka hiyo kuna bolti ya banjo, ile yenye tundu inayofunga paipu ya oili, na ndani ina filta ndogo ya wavu, ndogo kama kichwa cha njiti, ikishikwa na uchafu turbo inakufa kwa kiu bila wewe kujua. Boxer, hiyo itolewe iangaliwe kabla ya kuongea restrikta. Na zile washa za kopa za banjo ziwe mpya, ama angalau azichome mpaka ziwe nyekundu azitumbukize kwa maji zilainike tena.

Boxer_wa_Lanet
Wadau nimetoka chini ya gari sasa hivi, mikono bado nyeusi. Picha ndio hiyo. Ni hosi ya hita! Maandishi yake bado yanasomeka ubavuni. Nje imevimba kama mguu wa mtu aliyeumwa na nyuki, ukiifinya inabonyea laini kama ndizi iliyoiva sana. Nimeikata katikati na kisu, ndani umebaki utando mweusi unaonata na shimo ambalo kalamu ya Bic haipiti. Nimejaribu kwa kalamu ya mtoto.

Hosi_na_Kaplingi
Haya, umemwona mwizi. Hosi ya hita ni mpira wa maji, ikikutana na oili inainywa na kuvimba. Silikoni pia usithubutu hapo, inapitisha oili taratibu kama kitambaa. Oili inaingia kwa turbo kwa presha, lakini ikitoka haina presha yoyote, inaanguka tu kwa uzito wake na imejaa povu. Ndio maana ya kuingia ni robo inchi na ya kutoka ni kama inchi nusu na zaidi, watu wa kutengeneza upya wanaweka AN 10. Njia ikiziba oili inajaa ndani ya turbo, na zile sili si za mpira, ni ringi kama za pistoni, haziwezi kuzuia oili iliyosimama. Inapita upande wa ekzosti, moshi wa bluu.

Nunua ile hosi orijino ya kurudisha, ni kipande kifupi tu, na klipu zake mbili. Ya kwenda wacha paipu yako ya chuma kama haina ufa, isafishwe tu na hiyo filta iangaliwe. Kabla ya kuwasha mimina oili kwa tundu la turbo, chomoa fyuzi ya pampu ya petroli, zungusha staata mpaka taa ya oili izime. Moshi hautaisha siku hiyo hiyo, oili iliyolala kwa ekzosti lazima iungue kwanza, usianze kulia hapa.

Na nenda kwa stoo. Vuta shafti ya turbo ya kwanza mbele na nyuma. Kucheza kidogo kwa pembeni ikiwa kavu ni kawaida ya beringi zile, lakini mbele na nyuma isicheze.

Boxer_wa_Lanet
Naripoti baada ya siku kumi. Hosi ya kurudisha ni mpya, filta ya banjo ilikuwa na uchafu kidogo ikasafishwa, hosi za maji mbili mpya na kulanti. Siku nne za kwanza moshi ulikuwepo, nikakosa usingizi, halafu ukaanza kupungua. Jana nimepanda mpaka Mau Summit na shemeji yangu nyuma na Probox yake, amesema hajaona kitu.

Turbo ya kwanza nimeitoa kwa gazeti. Mbele na nyuma haichezi kabisa. Feni haina hata mkwaruzo.

Chai_na_Turbo
Bibi umemwambia?

Boxer_wa_Lanet
Bado. Kwanza kuna mtu anataka TD04, 20,000 tunaongea?