Nisafiri kutazama mechi za kirafiki au ningoje ligi?

Wakuu, naomba ushauri. Niko Kondele, Kisumu, nakaanga samaki, na ni shabiki wa klabu ya soka ya Gor Mahia tangu utotoni. Marehemu baba alikuwa akitusimulia Kombe la Mandela, lile la Afrika tulilochukua 1987, hadi ugali unapoa. Sasa timu inajiandaa kwa msimu mpya na mimi moyo umeshatangulia Nairobi.

Ninachotaka kuona si mabao. Nataka kuona kama vijana watapewa dakika, na kama kuna straika anayejua kukaa ndani ya boksi badala ya kukimbilia pembeni kila mara. Tulipochukua taji la 21 la ligi mwaka 2024, ukuta ndio ulitubeba, tusidanganyane.

Shida ni hii: nimeweka 4,000 kwenye kopo la Kimbo, nauli na jezi. Mama watoto amelipata. Hakusema kitu, ameliweka tu chini ya bati linalovuja jikoni, linakinga maji.

Waliowahi kusafiria mechi za kirafiki, mnaona kweli timu au ni majaribio tu? Au ninunue bati, ningoje Mashemeji Dabi, ile yetu na AFC Leopards?