Waildikadi ya FPL: nani abaki, nani aondoke?

Kijana_wa_Shangani: Wakuu, habari za jioni. Ligi yetu ya FPL (mchezo wa kupanga timu ya wachezaji wa Ligi Kuu ya England) hapa Mtwara imekaza, wiki hii napiga waildikadi, yaani nabadili wachezaji nitakavyo bila kukatwa pointi. Wachezaji wanne wananiumiza kichwa. Beki wa kati nilimnunua 4.5 (milioni za mchezo), sasa 4.9. Kiungo nilimchukua 7.0, yuko 7.3, ila ana mechi tatu ngumu. Mshambuliaji wa 6.0 anaingia dakika ya 65 kila wiki. Kipa wa pili 4.5, hachezi. Hao wawili bei haijasogea. Benki, yaani hela iliyobaki, 0.2. Nani abaki?

Mikindani_10: Mkuu, bei ya sokoni isikudanganye, tazama bei yako ya kuuzia. Unapewa nusu ya faida, na inashushwa hadi 0.1 kamili. Beki ukimuuza unapata 4.7. Kiungo unapata 7.1. Ukimtaka tena baada ya wiki tatu utalipa 7.3 nzima, yaani 0.2 imeyeyuka. Kama anaanza kila mechi na penati ni zake, mshikilie.

Beki_wa_Ruangwa: Kwa kiungo sikubaliani, kaka. 0.2 ni hela ndogo ukilinganisha na wiki tatu za pointi mbili mbili. Akiwa mpiga penati sawa, la sivyo muuze.

Mshambuliaji aondoke leo. Chini ya dakika 60 ni pointi 1 tu, na ubaya mkubwa uko kwingine: akigusa uwanja hata dakika moja, mtu wako wa benchi haingii. Bora asiyecheza kabisa kuliko huyo. Kipa wa pili mbadilishe na wa 4.0, unabaki na 0.5. Jumlisha 6.0, 0.5 na 0.2 ya benki: unapata mshambuliaji wa 6.7 anayeanza.

Beki mwache. Tangu msimu wa 2025/26 beki anayefikisha vitendo 10 vya ulinzi (kuondosha hatari, kuzuia mashuti, kunasa pasi, kunyang'anya mpira) anapata pointi 2, hata timu ikifungwa. Beki wa kati wa timu inayoshambuliwa sana huvifikisha mara nyingi. Hakikisha tu hujazidisha watatu wa klabu moja.

Masasi_Kati: Angalieni saa pia. Dirisha la kubadili wachezaji linafungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza. Mechi ya Jumamosi saa 6:30 mchana ya London, kwetu mwisho ni saa 7 mchana. Baada ya Jumapili ya mwisho ya Oktoba Waingereza wanarudisha saa nyuma, inakuwa saa 8. Kukiwa na mechi ya Ijumaa usiku, wengi wanaachwa. Na waildikadi ukishaithibitisha hairudi, ila uhamisho wa bure uliolimbikiza unabaki.

Kijana_wa_Shangani: Nimewaelewa. Penati si zake, nauza kiungo. Kwa 7.1, nichukue kiungo mwingine au nipandishe beki wa tatu?

Beki_wa_Ruangwa: Kiungo. Bao lake ni pointi 5, la mshambuliaji 4. Tafuta anayepiga kona.