Naomba ushauri: jeli ya mwani inakuwa teketeke na kutoa maji

Habari zenu wakuu. Nipo mwaka wa mwisho wa kemia, mradi wangu ni kutoa karaginani (kile kinachogandisha, kilichomo ndani ya mwani) kwenye mwani wa kotonii uliolimwa Unguja. Kama mjuavyo, kotonii hutoa karaginani aina ya kapa, ambayo minyororo yake hujisokota na kushikana palipo na potasiamu, ikaleta jeli ngumu. Yangu imegoma. Ukiigusa kwa kidole inabonyea kama uji uliopoa, na ikilala usiku kucha inachuruza maji pembeni.

Mwani niliuchemsha kwenye haidroksidi ya potasiamu, nyuzijoto 80 kwa saa 2, nikausuuza hadi pH ikashuka karibu na 8, nikachuja ukiwa moto na kugandisha kwa alkoholi. Kuongeza kloridi ya potasiamu kumesaidia kidogo tu. Kalsiamu haikubadilisha kitu, kwa hiyo sidhani kama mwani wangu umechanganywa na spinosum (mwani mwingine, ambao jeli yake hukazwa na kalsiamu), ingawa wauzaji nao tunawajua.

Ninavyoona, ama salfeti ya kaboni ya 6 (kundi lililoning'inia kwenye mnyororo, ambalo alkali hutakiwa kuliondoa) haijatoka yote, minyororo ikabaki na kona zinazoizuia kujisokota, ama minyororo yenyewe imekatika kwa moto. Mashine ya infraredi, ya kutambua makundi kama hayo ya salfeti, hatuna. Kuna viskomita ya kioo (ya kupima mnato) na mizani.

Kwa vifaa hivi, nitazitofautishaje hali hizo mbili? Na nikirefusha muda kwenye alkali, si nitazidi kuikata minyororo?

Natanguliza shukrani.