Mrejesho: lile neno "reverse" limenikaa sasa

Ndugu zangu, juma lililopita niliuliza maana ya "reverse". Nilikuwa natafsiri barua ya mfanyabiashara mmoja hapa Kampala iliyosema biashara yake "suffered a reverse", nami nikaandika kwamba ilirudi nyuma. Mteja akaikataa kazi. Mlikuwa sahihi: hapo ni nomino, biashara ilipata pigo. Nimesahihisha, barua imepokelewa. Asanteni sana.

Aliyenifungua macho ni yule mzee aliyeniambia nitoe sarafu ya shilingi 500 mfukoni. Upande mmoja nembo ya taifa. Ukiigeuza unakutana na kichwa cha korongo na taji lake. Huo upande wa korongo ndio "reverse". Naishika kila siku! Neno lina asili ya Kilatini, kugeuza nyuma, na matawi yote yanaanzia hapo: dereva anaingiza gia ya rivasi, namba zinasomwa kuanzia mwisho, mahakama ya rufaa inatengua hukumu. Na "quite the reverse" ni kinyume kabisa.

Kwenye hukumu nawasihi tusiandike "kurudisha". Kurudisha kesi ni kuipeleka tena mahakama ya chini ikasikilizwe. Kutengua ni kuiondoa hukumu yenyewe. Mwenye ndugu gerezani akisoma tafsiri hiyo anaelewa jambo jingine kabisa.

Nimebaki na "reversible", lile koti linalovaliwa pande zote mbili. Kwa sasa nimeweka "koti la kugeuza". Mwenye neno bora anipe, kazi naikabidhi Ijumaa.