Besi si moja duniani! Yule bwana wa maikrofoni anirudishie mbuzi wangu

Wadau, naandika mikono ikitetemeka na simu iko karibu kuzima, kwa hivyo msinishike kwa tahajia. Jina sitataja. Hakuna haja. Kila aliyewahi kukanyaga ile chemsha bongo ya Alhamisi karibu na steji anamjua: kofia ndani ya nyumba, miwani ya jua saa tatu usiku, na maikrofoni ambayo nadhani hulala nayo. Huyo huyo.

Leo zawadi ilikuwa kilo mbili za mbuzi na ugali wa meza nzima. Tukabaki meza mbili. Akainua kikaratasi, akasafisha koo mpaka spika zikalia, akauliza: "Besi ni nini?"

Basi, hivyo tu. Hakusema besi ya kemia, wala ya hesabu, wala besi ya nani. Nikasimama, harufu ya makaa inanifikia pale nilipo, nikajibu kwa sauti ya mtu mzima: kambi ya jeshi.

Akanitazama. Akashusha miwani mpaka ncha ya pua. Akasema, spika zote zikiwa wazi: "Keti chini, afande."

Keti chini, afande! Mbele ya mashemeji zangu waliotoka Kitui leo asubuhi kuja kuona ni mtu wa aina gani anayemtaka dada yao! Jamaa wa kachumbari aliweka kisu chini ili acheke vizuri. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara alicheka, mteja wake akacheka, na wala hawakuwa wamesikia swali. Nadhani na mbuzi alicheka.

Jibu la kikaratasi, eti, ni "kitu kinachogeuza litmasi nyekundu kuwa buluu". Sawa. Lakini ndilo peke yake? Hapa Nairobi? Mji wenye besi ya jeshi la anga pale Eastleigh, iliyokuwa ndiyo kiwanja kikuu cha ndege kabla Embakasi haijafunguliwa mwaka 1958? Wanajeshi wa anga waliojaribu kupindua serikali tarehe 1 Agosti 1982 walitoka wapi, kwenye chupa ya maabara? Al-Shabaab walipovamia besi ya jeshi ya Manda Bay kule Lamu tarehe 5 Januari 2020, Wamarekani watatu wakauawa, walivamia karatasi ya litmasi? Djibouti hapo juu ni nchi ndogo, lakini Wafaransa wana besi, Wamarekani wana besi, Wajapani wana besi, na mwaka 2017 China ikafungua yake hapo hapo, ya kwanza nje ya nchi yao. Wote hao wamekwenda kupima asidi ya bahari?

Tuache bunduki. Mwaka 1969 Armstrong alipotua mwezini, mahali alipokuwa alipaita Tranquility Base. Aliambiwa aketi? Na kule Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, Waitaliano walikuwa na besi ya kurushia maroketi, majukwaa yamesimama baharini. Tarehe 12 Desemba 1970 pakaruka satelaiti ya kwanza kabisa ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, na kwa kuwa ilikuwa Jamhuri Dei, ikaitwa Uhuru. Yaani anga nzima inatujua kwa besi, halafu mtu wa miwani ya jua usiku ananiambia mimi keti chini, afande.

AFANDE. Jamani. Hata "bwana" ingetosha.

Sitaki kuombwa radhi. Nataka mbuzi.

Fundi wa Umoja:
Keti chini, afande.

Mama Pacha:
Pole sana baba. Sasa keti.

Kijana wa Kayole:
Nilikuwepo! Wadau, hajawaambia kwamba alipojibu alipiga saluti. Alipiga saluti kabisa, mguu chini, bia ya jirani ikamwagika. Ungekuwa wewe na maikrofoni ungesema nini?

Mwenye uzi:
Haikuwa saluti, nilikuwa napangusa jasho. Halafu wewe uliketi meza iliyokula mbuzi wangu, usituletee ushahidi na mafuta yangali mdomoni.

Mwalimu Mstaafu:
Nimefundisha kemia tangu wengi wenu hamjazaliwa, na naona pande zote mbili zimekosa adabu kwa somo. Litmasi ni kipimo tu, haikuambii besi ni kitu gani. Zamani ilifundishwa kwamba besi ni ile inayotoa ioni za hidroksidi majini. Mwaka 1923 wakaja wanakemia Brønsted na Lowry, kila mmoja kwa njia yake, wakasema besi ni kitu kinachopokea protoni. Mwaka huo huo mwanakemia mwingine, Lewis, akasema ni kitu kinachotoa jozi ya elektroni. Ndiyo maana amonia ni besi ingawa ndani yake hamna hidroksidi hata chembe. Na nyinyi mnaotia magadi kwenye githeri ili iive upesi, hiyo ni besi kutoka Ziwa Magadi, mwendo mfupi tu kutoka hapa. Huvunja pektini inayoshikilia ganda la maharagwe. Lakini vitamini B1 huondoka nayo, na ukizidisha, githeri inateleza na kunuka sabuni. Kwa hivyo yule kijana wa maikrofoni jibu lake ningelipa alama moja kati ya tatu.

Fundi wa Umoja:
Mwalimu, hata mtandaoni unasahihisha kwa kalamu nyekundu?

Mama Pacha:
Mwalimu, ulivyosema kuhusu githeri ni kweli tupu. Kuna kibanda fulani, sikitaji, wote mnakijua, ile githeri yao nilitaka kuifulia pazia.

Mjukuu wa Lamu:
Afande wetu usilie, Waarabu wako upande wako. Kwao kambi ya jeshi huitwa qaida, na kanuni ni qaida, na msingi wa nyumba ni qaida. Sisi tukachukua kaida, na wingi wake ukatupa kawaida. Wale wengine waliojiita kwa jina hilo hilo mnawajua, na Nairobi haijasahau tarehe 7 Agosti 1998. Siendelei hapo. Ila huyo bwana akija na swali la neno moja bila kusema linatoka wapi, mwambieni arudi chuoni.

Mwenye uzi:
ASANTE. Hatimaye mtu mwenye akili. Aliniambia keti chini, afande, na kumbe mimi nasema Kiarabu!

Dada wa Maabara:
Mimi besi ninazozijua ni zile nne za DNA: adenini, thaimini, gwanini na saitosini. Adenini hushikana na thaimini, gwanini na saitosini, hazibadilishani wapenzi kirahisi. Nakala moja ya maagizo yaliyomo ndani ya seli yako ina jozi za hizo besi takriban bilioni 3. Kaka, una mabilioni ya besi mwilini na umeshindwa kutaja moja iliyokuwa kwenye kikaratasi.

Kijana wa Kayole:
Hahaha, huyu amezikwa bila jeneza.

Mtu wa Kompyuta:
Mnapigania kilo mbili kwa kuwa mnahesabu kwa besi kumi, yaani kwa mafungu ya kumi kumi. Kwa besi mbili, ile inayotumiwa na kompyuta, mbili huandikwa 10. Angekuwa mjanja angesema, "Naomba zawadi yangu kwa besi mbili," aondoke na mbuzi mzima. Wababeli wa kale walihesabu kwa besi sitini, ndiyo maana mpaka leo saa ina dakika 60. Kwa besi hiyo 10 ni sitini. Kilo sitini, mdau! Ungefungua bucha.

Mwenye uzi:
Mnacheka. Natamani siku moja mtu awaambie keti chini, afande, mbele ya mashemeji. Yule mkubwa wao mpaka sasa ananiita afande. Amenitumia ujumbe sasa hivi: "Afande tumefika salama." Mahari imeshapanda, nawaambia, naisikia ikipanda.

Fundi wa Umoja:
Ngoja kwanza. Si wewe uliyekwenda kwenye usajili wa makurutu ukarudishwa kwa sababu ya jino?

Mwenye uzi:
Jino lilikuwa la NYUMA. Na halihusiani na mada.

Kijana wa Kayole:
Linahusiana sana. Sasa naelewa kwa nini kusikia besi, kambi ndiyo ya kwanza kumjia. Mapenzi ya zamani hayafi.

Boda wa Steji:
Nyote mmeongea Kizungu cha vitabu. Besi ni pale tunapoegesha piki tukingoja abiria. Yetu ina mti, benchi na chaja ya simu. Juzi kuna mtu, wanaomjua wanamjua, amekuja na kopo la rangi ya manjano, akachora mistari chini ya mti WETU, akasema ni maegesho ya wateja wake. Huo mti tuliupanda sisi. Tukimwagilia na maji ya kuoshea piki. Sasa amewekwa mlinzi wa kututimua kutoka kwenye kivuli chetu wenyewe. Afande wa mbuzi njoo ukomboe besi.

Mama Pacha:
Huyo wa rangi ya manjano ndiye yule yule aliyeziba mtaro?

Boda wa Steji:
Ndiye! Mvua ikinyesha tunapeleka abiria kwa kupiga makasia.

Jirani wa Ghorofa ya Nne:
Mkitaka kulia besi nililieni mimi. Kuna matatu, siitaji, ile yenye taa za zambarau, inapita chini ya dirisha langu saa kumi na moja alfajiri. Nyimbo siisikii. Besi tu. Dum. Dum. Dum. Vikombe vinahama kabatini, glasi ya meno ya mama mkwe imefika ukingoni mwa meza. Nimefunga dirisha, nimeweka godoro dirishani, bure.

Mtu wa Kompyuta:
Godoro halisaidii, ndugu. Sauti nyembamba ndiyo inayozuiliwa na godoro. Sauti nzito ya mitetemo 40 kwa sekunde ina wimbi la zaidi ya mita 8. Inatikisa ukuta wenyewe, na ukuta unakusomea ujumbe ndani.

Jirani wa Ghorofa ya Nne:
Sasa nifanye nini?

Mtu wa Kompyuta:
Hama.

Kijana wa Kayole:
Usiseme vibaya ile matatu ya zambarau. Besi yake ni tamu, ukikaa kiti cha nyuma mgongo unakandwa bure.

Mama Pacha:
Mgongo unakandwa na nauli inakukamua. Jana matone mawili ya mvua, mawili, nayahesabu kwa mkono, kondakta akapandisha nauli mara tatu. Nikamwambia mvua yenyewe haijaamua. Akasema, "Mama, mawingu pia yanahesabiwa."

Dada wa Maabara:
Huyo kondakta ana jaketi ya kijani?

Mama Pacha:
Kijani! Na chenji hana kamwe.

Dada wa Maabara:
Ana chenji yangu tangu wiki iliyopita. Nikimwona anageuka kuwa dereva.

Mwenye uzi:
Wadau, turudi kwenye mada. Besi. Mbuzi. Niliambiwa keti chini.

Jirani wa Ghorofa ya Nne:
Mwenye nyumba wetu naye anasema matatu si kazi yake. Maji pia si kazi yake. Tangu Jumapili mfereji unatoa upepo mtupu, na tangi la juu anajaza siku ile anayokuja kuchukua kodi tu.

Fundi wa Umoja:
Kwenu mnapata upepo? Kwetu hata upepo umekatika. Mkokoteni wa maji amepandisha mtungi, eti punda amechoka.

Mama Pacha:
Yule punda nimemwona, anakula mandazi pale kwenye genge. Hajachoka.

Mwalimu Mstaafu:
Mnaotumia maji ya kisima chenye chumvi, kumbukeni sabuni haitatoa povu vizuri. Hiyo ni kalisi na magnesi. Niwaeleze?

Fundi wa Umoja:
Hapana, Mwalimu.

Jirani wa Ghorofa ya Nne:
Kuna mwenye namba ya boza linalofika mpaka uchochoro wa nyuma? Lile kubwa lilikwama jana kwenye kona, likaondoka na kibanda cha mama wa mboga.

Boda wa Steji:
Namba ninayo. Ila si ya boza, ni ya mama wa mboga, anatafuta dereva wa hilo boza.