MJADALA: S tano na Kaizen hospitalini, dakika tunazookoa ni za nani?

Wakuu, habari za majukumu. Juzi kwenye makabidhiano ya zamu tumebishana mpaka chai ikapoa, nikaona hoja hii niilete hapa tuijadili kwa upana. Dada mmoja, muuguzi wa siku nyingi, alisema: "S tano ni usafi wa wageni. Wakaguzi wakija tunabandika vibao, wakiondoka foleni iko palepale." Kijana wa maabara akamjibu kwamba bila S tano yeye hadi leo angekuwa anahangaika kutafuta sampuli. Mimi ni mkunga, na nina upande wangu, nitausema.

Kwa wasio wa sekta: S tano ni Sasambua (ondoa visivyohitajika), Seti (panga kila kitu mahali pake), Safisha, Sanifisha (weka utaratibu mmoja), Shikilia (fanya iwe mazoea). Mbinu hii imetoka viwandani Japani, na Kaizen, yaani kuboresha kazi kidogo kidogo bila kukoma, ndiyo hatua inayofuata. Hospitali ya wanawake ya Castle Street kule Colombo, Sri Lanka, iliionyesha dunia kwamba inawezekana hata pasipo fedha nyingi. Tanzania tulianza 2007, Mbeya, Wizara ya Afya ikisaidiwa na JICA, shirika la misaada la Japani. Kenya na Uganda walikuwemo kwenye mpango huohuo, Burundi na Kongo wakafuata.

Watu wa Toyota, kampuni ya magari ya Japani inayofuata Kaizen, upotevu wote wa kazi wanauita "muda". Neno lao, silo letu, limefanana tu kwa bahati. Lakini tazama wanachokimaanisha: kungoja, kutembea bure, kurudia kazi, kulimbikiza vitu stoo. Kwa Kijapani au kwa Kiswahili, mgonjwa anayekaa kwenye benchi tangu alfajiri analipa kitu kilekile.

Sasa nieleze kwa nini siwezi kuiita mbinu hii usafi wa wageni. Usiku mmoja leba, mtoto katoka hakulia. Tuliofundishwa kuwasaidia watoto kupumua tunaijua dakika ya dhahabu: asiyepumua anatakiwa awe ameanza kupumuliwa ndani ya sekunde 60. Mfuko wa kupumulia nilikuwa nao mkononi, barakoa ya saizi ya mtoto sikuwa nayo. Nikafungua kabati. Mashine mbovu za presha, glavu zilizopitwa na tarehe, madaftari ya miaka ile, mipira iliyochanika. Barakoa ilikuwa chini kabisa. Mtoto alipona, Mungu ni mwema, ila zile sekunde naziota mpaka leo. Wiki iliyofuata tulilimwaga kabati lote sakafuni. Tulivyobakiza tulivipangia nafasi, na kila kifaa tukakichorea umbo lake kwa kalamu nzito juu ya rafu, ili kikikosekana pabaki mchoro mtupu unaokukodolea macho. Gharama yake ilikuwa kalamu moja.

Na vibao si mapambo. Mwaka 2004, hospitali ya Virginia Mason kule Seattle, Marekani, mama wa miaka 69 alifariki baada ya kuchomwa dawa ya kusafishia ngozi badala ya ile ya kuonyesha mishipa kwenye picha. Vimiminika vyote vilikuwa angavu, kwenye vyombo visivyoandikwa. Zamani dawa yao ya ngozi ilikuwa ya kahawia, walipoibadilisha tofauti ya rangi ikapotea. Hospitali hiyo ilikuwa imeshaanza kufuata njia ya Toyota tangu 2002, kwa hiyo asije mtu akasema Kaizen ni kinga ya kila kitu. Lakini walikiri hadharani, wakaomba radhi, wakabadilisha utaratibu.

Kitu kimoja cha Virginia Mason ndicho kinachonikera tusivyokiiga: waliwaahidi watumishi kwamba hakuna atakayepoteza ajira kwa sababu ya maboresho. Hapo ndipo ulipo mgogoro wetu, wakuu. Kituo nilichofanyia kazi zamani tulipanga upya chumba cha mafaili na mlolongo wa kliniki ya wajawazito. Kina mama waliokuwa wakiondoka alasiri wakawa wanaondoka kabla ya adhuhuri. Uongozi ukafurahi, ukatupigia makofi kwenye kikao, na mwezi uliofuata ukatutolea muuguzi mmoja kwenye zamu kwa maelezo kwamba "kazi imepungua". Baada ya hapo nani alete wazo lingine? Sanduku la maoni lilikaa tupu. Hatukuwa wavivu. Tulijua tu kwamba kila dakika tutakayookoa tutanyang'anywa.

Kanada wameonja hayo kwa bei kubwa. Jimbo la Saskatchewan lilisaini 2012 mkataba na washauri kutoka Marekani wa kuingiza mbinu hizi hospitalini, unaokaribia dola milioni 40 za kwao. Wauguzi wakalalamika kupitia chama chao, na 2015 mkataba ukakatishwa kabla ya wakati. Mwaka 2016 watafiti waliopitia tafiti 22 hawakuona uhusiano wa maana kati ya mbinu hizi na kuridhika kwa wagonjwa au afya zao, na upande wa kuridhika kwa watumishi mambo yalielekea pabaya. Wanaoitetea Kaizen kama mimi tusiukwepe ushahidi huo. Mbinu ikishushwa kutoka juu inakuwa mjeledi.

Najua nitaambiwa: "Rafu tupu utaipangaje? Dawa hakuna, mkunga mmoja kwa wodi nzima." Ni kweli, na S tano isitumike kuufunika upungufu huo. Ila kabati letu lilikuwa limejaa, ndugu zangu, lilijaa takataka. Na ukipanga vizuri, upungufu halisi unauona kwa macho, unaandika oda yenye hoja badala ya kulalamika kwenye korido.

Msimamo wangu, basi: wakaguzi waache kuhesabu vibao. Wapime mama amengoja muda gani tangu getini hadi apimwe presha, na barakoa ya mtoto inapatikana ndani ya sekunde ngapi usiku wa manane. Na kuwe na agizo la maandishi kwamba dakika zilizookolewa zinabaki wodini: mkunga apate nafasi ya kumwelekeza mama kunyonyesha, kumpima presha mara ya pili, hata kuketi anywe maji. Kupunguza watu kwenye zamu kwa kisingizio cha Kaizen kupigwe marufuku.

Wanaopinga waje na hoja. Na ninyi mlio kwenye uongozi wa hospitali, swali langu ni hili: mara ya mwisho wodi ilipookoa muda, mliutumia kwa nini?