Kingereza cha wanafunzi kinashuka, mitihani inapima nini hasa?

Habari wakuu, naomba kuuliza. Mwanafunzi ana A ya Kingereza kwenye cheti halafu mwambie aandike barua ya kuomba kazi, jasho linamtoka, sentensi hazina kichwa wala miguu. Hiyo A imetoka wapi? Au mitihani imekuwa rahisi siku hizi?

Jibu 1:
Sio rahisi mkuu, inatabirika. Maswali ya kuchagua na kujaza nafasi, mtu anakariri mitihani iliyopita anatoboa bila kumaliza hata kitabu kimoja cha hadithi, na mwalimu nae anafundisha kinachotoka tu maana yeye mwenyewe anapimwa kwa matokeo.

Jibu 2:
Ila tusisifie sana vya zamani. Ule mtihani wa Kingereza wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, unaoitwa Proficiency, ulipoanza 1913 ulikuwa wa masaa 12 hivi, insha, tafsiri, fonetiki, mpaka kuongea, wakafanya watu 3 na wote wakafeli 😂

Jibu 3:
IELTS (mtihani wa Kingereza wa kimataifa) inapima kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea. Mitihani mingi ya shule inaishia kwenye karatasi, sasa dogo atajifunza kuongea saa ngapi?

Mwenye mada:
Sawa, ila mkifuta mtihani mtajuaje nani ameelewa?

Jibu 1:
Hamna aliyesema ufutwe bana. Waongeze insha na kuongea, kusahihisha kutachukua muda ndio, wavumilie.